Siagi ya Mkebe na Asali ya Kasugho

Baba yangu aliuza asali. Mama yangu alilelewa kwa siagi, ambayo kwetu tunaita manteka. Hayo mawili yalitosha kuwafanya wabishane kila asubuhi mezani, nyumbani kwetu Butembo, kabla ya vita.

Baba alikuwa Mwislamu wa Beni. Alinunua asali kwa warina wa msitu wa Kasugho na kuipandisha mjini kwa lori za jamaa zake. Mama alitoka Musienene, kwenye baridi, ambako mama yake alifanya kazi ya kusukasuka maziwa katika shamba la ng'ombe la Mzungu. Bibi akishuka kututembelea alileta manteka iliyofungwa ndani ya majani ya ndizi.

“Asali haiozi,” baba alisema. “Mungu mwenyewe ameitaja kuwa dawa. Hiyo manteka yenu, siku tatu tu inanuka.”

“Inanuka, lakini inajenga mutoto,” mama alijibu. “Asali yako iko utamu tu. Unakula, unakimbia, njaa inarudi.”

Mimi nilikuwa na miaka mitano hivi, mtoto wao wa pekee. Nilipaka vyote viwili kwenye mkate wangu, nikala.

Uhuru ulipokuja, Mzungu wa Musienene aliondoka. Wafanyakazi waliendelea kukamua kwa muda, kisha ng'ombe wakaanza kupungua, wengine wakaliwa na askari. Manteka ikakatika. Bibi naye akafa, na haikupita miaka mingi, waasi wakafika. Asubuhi moja tulisikia risasi upande wa soko. Baba alibeba madumu mawili ya asali na mkeka wake wa sala, mama akabeba sufuria na blanketi, tukaingia njia ya magharibi.

Tulitembea siku nne. Kila asubuhi baba alitulambisha asali, na mchana tena. Sitamsingizia: asali ile ilitubeba. Nilikuwa nikikaa chini nikisema siwezi tena, nikilamba, na kabla jasho halijakauka miguu imekubali. Tulifika kwenye kambi ya mrina mmoja ambaye baba alimfahamu, mzee mwenye vibanda vitatu kando ya kijito, ng'ambo ya Kasugho. Mizinga yake ya magome ilining'inia juu ya miti pande zote. Mchana kutwa ulisikia nyuki kana kwamba msitu wenyewe unasaga kitu.

Tulikaa pale miezi mingi. Tulikula ndizi, mihogo, asali, na sombe, majani ya mihogo yaliyopikwa kwa maji matupu, kwa sababu mafuta ya mawese hayakupita tena njiani. Hatukufa njaa. Lakini siku moja nilikuwa nikiteka maji, jua likiwa bado kwenye vilele vya miti, na kijito kikafutika mbele yangu. Nilikisikia tu. Niliita, mama akaja kunishika mkono.

“Mbona unaita? Bado mwangaza.”

“Mwangaza gani, mama?”

Tangu siku hiyo giza lilianza kwangu mapema kuliko kwa wengine. Asubuhi niliona vizuri, mchana pia. Jioni, wengine wakiwa bado wanaokota kuni, mimi nilikuwa ndani ya gunia jeusi. Nilijifunza kambi kwa masikio. Nilijua hatua za mama. Nilisikia pia mambo ambayo sikuweza kuyaeleza: kitu kikipumua nyuma ya kibanda, jani likikanyagwa mahali ambapo mama alisema hakuna mtu. Mrina alianza kuniogopa. Aliwaambia wazazi wangu, nami nikiwa pale pale:

“Mutoto wa kuona muchana na kukosa jioni, macho yake yanakwenda kutembea. Anaona ba kule, batu waliokufa. Asilale karibu na moto wangu.”

Baba alinipaka asali machoni kwa vidole vyake. Iliwasha sana. Haikusaidia.

Jioni iliyofuata mama aliniketisha kwenye jiwe kando ya kijito, akaenda hatua chache kuchota maji. Ndipo nyuki wakanyamaza. Huenda ulikuwa wakati wao wa kunyamaza, sijui. Halafu nilisikia miguu kwenye njia ya upande wa pili. Mingi sana. Mingine peku, mingine yenye viatu, na hakuna aliyesema neno. Walipita kwa muda mrefu. Niliwahesabu mpaka hesabu nilizozijua zikaisha.

Mmoja akavuka maji. Akasimama mbele yangu, karibu hata nikasikia pumzi yake usoni. Alinuka manteka iliyochacha, kabisa kama mikono ya bibi yangu aliyekufa. Nilidhani ni bibi amekuja kunichukua.

“Unaniona?” aliuliza. Sauti ilikuwa ya kiume, ya mtu aliyechoka.

“Hapana. Sioni kitu.”

Akapunga kitu mbele ya macho yangu. Nilisikia upepo wake. Sikupepesa.

“Basi, vizuri,” alisema. “Ungekuwa unaona, ingekuwa mambo mengine.”

Kitu cha baridi na kizito kikawekwa mapajani mwangu. Maji yakalia tena, na miguu yote ikaisha. Mama alitambaa kutoka kwenye majani alimojificha, akanikumbatia. Alikuwa ameona panga likipita mbele ya uso wangu. Waasi, alisema, na nyuso zao zilikuwa zimepakwa kitu cheupe.

Kile kitu kilikuwa mkebe wa manteka, ile ya dukani iliyotoka Ulaya. Ulikuwa umefunguliwa, na juu yake kulikuwa na alama za vidole vitatu.

Baba aliukataa papo hapo.

“Ile mukebe iko ya wizi. Mwenye duka labda amekufa. Nani ameweka vidole pale?”

“Koko yake, mama yangu, alikuwa anawapa manteka batoto wa kule juu wakikosa macho jioni,” mama alisema. “Nilimwona kwa macho yangu. Asali tumekula miezi yote, imemponya?”

Mama alikwangua zile alama akazitupa kijitoni, kisha akanipa kijiko, na kijiko kingine akakitia kwenye sombe yangu. Alifanya hivyo kila siku. Baba alikuwa akiondoka tunapokula.

Yapata siku ya saba, jioni, niliona moto. Kwanza doa jekundu, kisha kuni zake, kisha mkono wa mama. Niliogopa kwamba nikisema, kuona kutaondoka. Nikageuka kumtafuta baba, na nikamwona anatoka kibandani kwenda kuswali magharibi.

Baba alikuwa ameweka gogo kuonyesha kibla, tangu wiki ya kwanza. Sasa alikuwa akilitafuta kwa mguu, polepole, kama mtu anayepima tope. Akalipita. Akatandika mkeka ukiwa umepinda, akaelekea kwenye mizinga badala ya kibla, akainua mikono. Macho yake yalikuwa wazi kabisa na hayakuona chochote.

“Mama,” nilinong'ona, “baba pia haoni.”

Mama alimtazama mpaka akamaliza kuswali. Kisha akaenda kumshika bega.

“Tangu lini?”

“Kabla ya mutoto kuanza,” baba alisema.

“Na manteka ulikataa!”

“Mukebe ulikuwa mudogo.”

Usiku ule mama alimlisha baba kilichobaki, akikwangua pembe za mkebe kwa kisu. Baba alikula akilia bila sauti. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Barabara ilipofunguliwa tulirudi Butembo. Mimi nilikuwa nimepona. Baba alibaki na wingu kwenye jicho la kushoto, na jioni bado alishika kamba ya mzigo wa mama. Infirmier, muuguzi wa dispensaire, alimtazama akatueleza. Asali ni sukari, kwa hiyo nguvu ya haraka, lakini vitamini ya macho haimo. Manteka ina mafuta, na ndani ya mafuta ile vitamini. Hata sombe inayo, ila bila mafuta mwili hauichukui vizuri. Mawese mekundu ndiyo yanashinda yote.

“Mimi niliuzia batu asali kama dawa miaka yote,” baba alisema.

“Uliwauzia nguvu,” infirmier akamwambia. “Haikuwa uongo.”

Tulipanda kwenda nyumbani jua likishuka. Milango ya mtaa wetu ilikuwa wazi, mmoja baada ya mwingine, na hakuna taa hata moja. Kwa jirani nguo za watoto zilikuwa bado kwenye kamba, zimegeuka kijivu, na majani yamezifikia kutoka chini. Baba alisikia hatua zetu zikipungua.

“Kuko nini pale?” aliuliza.

“Hapana kitu,” mama alisema. “Tembea.”