Rangi ya barabara kwenye Land Rover ya idara, na jivu la mama yangu

Wakuu, heshima zenu. Wadogo, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjaziandika.

Juzi nimeona mdau humu kapita juu ya mstari wa barabara uliopakwa muda huo huo. Gari limetapakaa rangi nyeupe ubavuni, anauliza aitoe na nini. Wengine wakamwambia thina, wengine msasa. Mmoja akamshauri stiliwaya ya kuoshea vyombo.

Huyo wa stiliwaya ndiye kanifanya nivae miwani niandike. Ninayosimulia yalinipata mimi mwenyewe, na watoto wangu hawajawahi kuyasikia. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa dereva wa idara moja pale Lushoto. Kijana wa miaka ishirini na kitu, nina funguo za Land Rover ya kijani, namwendesha Bwana Shamba. Kwetu Lukozi, aliyekuwa anajua kushika usukani ni mimi peke yangu. Nilikuwa na majivuno, siwafichi.

Jumamosi moja nikatumwa Mazinde kupeleka barua. Huko chini walikuwa wanachora mistari barabarani. Vibao vya kutahadharisha viliwekwa na niliviona. Ila mbele yangu kulikuwa na lori linatembea kama limebeba mayai, nikaona siwezi kukaa nyuma ya moshi wake. Nikalipita.

Nilivyoshuka Mombo nikaangalia ubavu wa kulia. Madigadi, mlango, mpaka nyuma, kote nukta nyeupe. Na ilikuwa imeshaanza kukauka.

Sasa elewa hali ilivyokuwa. Jumatatu mgeni wa kutoka mkoani angepanda gari hilo kukagua mashamba. Miaka ile kuharibu mali ya umma haikuwa mambo ya kuombana radhi na kucheka. Unaweza kusimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Gari nilipanda nalo Lukozi, kwa sababu Jumatatu alfajiri nilitakiwa kupakia mbegu za viazi huko huko. Jioni nikaliosha kwa sabuni na maji mpaka mikono ikaniuma. Wapi!

Mama akatoka jikoni, akaniuliza kuna nini.

Nikamwambia, "Mama, rangi hii isipotoka, kazi sina."

 Aliguna tu, akarudi kwenye makande yake.

Niseme kidogo kuhusu mama. Alikuwa mjane, kanilea kwa maharage na viazi. Na alisifika kwa kitu kimoja: sufuria zake. Alikuwa anazisugua kwa jivu, mchanga laini wa mtoni na nyuzi za katani nilizomletea kutoka Mombo. Majirani walimtania kwamba anajitazama humo badala ya kioo.

Jumapili asubuhi nikatoka kutafuta mafuta ya taa. Nilishasikia madereva wa zamani wakisema yanalainisha rangi. Duka la kijiji halikuwa nayo. Nikazunguka nyumba kwa nyumba, kila mtu ana ya kwenye kibatari tu, mpaka mzee mmoja akanimiminia nusu chupa.

Narudi, watu wanatoka kanisani, nikamkuta mama uani.

Wakuu, mama yangu hakuwahi kukosa ibada. Mlutheri haswa. Siku ile hakwenda. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, kitenge amekifunga kiunoni, ana beseni la jivu na mchanga, anasugua gari kwa katani.

Rangi nyeupe ilikuwa imetoka yote. Na ya kijani imetoka nayo. Bodi ya Land Rover za zamani ni alumini, kwa hiyo mlango mzima ulikuwa unang'aa mweupe. Maandishi ya idara yamebaki nusu.

Akageuka, uso umejaa furaha. Akaniambia, "Njoo uone, mwanangu. Limetakata. Sasa hawakufukuzi."

Ningekuwa na akili ningekaa chini nikalia naye, au nikacheka naye. Mimi nikapiga kelele, majirani wamesimama na vitabu vyao vya nyimbo mkononi.

"Mama, umenimaliza! Kwako kila kitu ni sufuria? Usiliguse tena gari hili! Usilisogelee kabisa!"

Akanitazama kidogo. Akamwaga lile beseni, akanawa mikono, akaingia ndani. Mchana akanipakulia chakula kama kawaida.

Jumatatu nikaenda kujisalimisha. Bwana Shamba akalizunguka gari mara mbili, akasema, "Ndugu dereva, sasa hii ni nini?" Nikamweleza. Mgeni akapanda hivyo hivyo, na siku nzima aliongelea viazi tu. Mimi nikapewa barua ya onyo. Baada ya wiki chache gari likapulizwa rangi upya, likawa zuri kuliko mwanzo.

Hayo tu ndiyo yaliyonifanya nimtolee mama yale maneno.

Tangu hapo, nikifika nyumbani na gari, mama alikuwa anapita mbali, kwa kuzungukia kwenye migomba. Alikuwa anafukuza hata kuku wasikae chini ya gari. Mimi mpumbavu nikafikiri ni heshima, na nikaipenda. Kumwomba radhi nilikuwa nakusudia. Kila safari nikajiambia safari ijayo.

Masika ya mwaka uliofuata akaugua kifua. Taarifa ikanifikia Lushoto, Bwana Shamba akaniruhusu nichukue gari. Nikafika mvua inanyesha, wanawake wamemkalisha mlangoni, amefunikwa blanketi, anapumua kwa shida.

Nikafungua mlango wa gari. Akautazama, akatikisa kichwa.

"Nina matope, mwanangu. Nitaliharibu gari la watu."

Nikasema mama ingia, hakuna neno. Akashika mwimo wa mlango wa nyumba, hakuachia. Nikataka kumnyanyua kwa nguvu, akaanza kukohoa vibaya mno. Jirani mmoja akanivuta pembeni, akasema, "Mwache mama. Tutambeba."

Wakafunga machela kwa miti na blanketi. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, na kwa matope yale ikawa zaidi. Wanaume wanapokezana mabega. Mimi nyuma yao, gia ya kwanza, gari tupu. Nililia njia nzima, na waipa zilikuwa zinafuta kioo kwa nje tu.

Alifariki jioni ile. Mganga wa zahanati hakusema kama tungewahi ingekuwa tofauti, nami sikuthubutu kumuuliza.

Kumrudisha nyumbani nikamrudisha kwa gari. Tukamlaza nyuma na blanketi lake la matope. Safari hiyo hakuwa na namna ya kukataa.

Sasa mdau mwenye shida ya rangi, nakujibu. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, yaache yakae, kisha futa taratibu bila kukandamiza. Rudia hata mara kumi. Maliza kwa sabuni na maji, halafu polishi. Stiliwaya, mchanga na jivu viache jikoni.

Na kama kuna mtu umempigia kelele kwa sababu ya gari, weka simu chini uende. Gari langu lilipulizwa rangi ndani ya wiki chache. Radhi ya kumwomba mama ninayo mpaka leo, sina wa kumpelekea.

Mwenye njia bora ya kutoa rangi aiweke hapo chini, vijana wafaidike. Na mwenye la kuniambia mimi, aseme tu, nitasoma yote.