Mawe Matatu ya Ukuta

Mama mkwe alitupa masharti ya matembezi ya kilimani akiwa bado na nguo za kanisani. Langoni tuingie tukiinama. Tusikalie ukuta. Mifupa ya samaki na vizibo vya soda turudi navyo. Niliitikia kila neno haraka haraka, maana Jumapili ile ningekubali hata kutembea kwa magoti.

Ndoa yetu ilikuwa na miaka mitatu. Mume wangu kwao ni mbele ya Bondo, mimi nimetoka Nyeri, ndiyo maana mama yake aliniita Nyar Nyeri, binti wa Nyeri, na Kisumu tulikuwa tumepanga mtaa wa Migosi, nikiuza mitumba. Kila tulipokwenda kwao nilipika jikoni kwa mama yake, kwenye mafiga yake, yeye ameketi kigodani akitazama mkono wangu. Kwao mke mgeni hupika hivyo mpaka mama mkwe amwekee mafiga yake mwenyewe. Wenzangu walioolewa hapo waliwekewa baada ya miezi. Mimi nilikuwa naulizwa kisimani, kwa sauti tamu, kama bado napika kwa mama. Niliwachukia wale wanawake. Sasa mama alikuwa ametamka mwenyewe kwamba Jumatatu, kabla hatujarudi mjini, ataniwekea yangu.

Wageni walikuwa wawili, wafanyakazi wenza wa mume wangu, waliokuja na pikapu kuona ohinga, yaani boma la kale la mawe lililoko kilimani nyuma ya kwao. Ukuta wake ulipangwa jiwe juu ya jiwe bila tope. Ndani palikuwa na nyasi na kivuli tu. Mume wangu akawazungusha wageni, nami nikabaki na samaki, unga na sufuria.

Nilihitaji mafiga. Chini hapakuwa na jiwe hata moja, lakini ukutani yalijaa. Upande mmoja ulikuwa umelegea, nikachomoa matatu. Nilijiona mwerevu kabisa, tena mwenye adabu, kwa sababu sikuwa nimeukalia ukuta. Kuhusu moto mama hakuwa amesema kitu. Kwao mtu mzima hahitaji kuambiwa hilo.

Maji ya ugali yalikuwa yakichemka mama alipoinama langoni na kuingia. Nilikuwa nimesahau chumvi, naye alikuwa ameniletea.

"Hii mawe umetoa wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Nyar Nyeri, hapa ni boma ya watu. Umeingia kwa watu, umeweka jiko yako?"

"Lakini mama, hapa hakuna mtu anakaa."

"Nani alikuambia?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenifokea. Aliiweka chumvi kwenye nyasi, akaepua sufuria mwenyewe, akautawanya moto, akasema nirudishe mawe. Niliyabeba kwa leso, yakiwa bado ya moto na meusi kwa masizi. Mawili yalikubali. La tatu niligeuza hivi, nikageuza vile, nikalisukuma kwa hasira, na kipande cha ukuta kikaporomoka mbele ya wageni. Mmoja wao akacheka kwa woga. Tulikula mkate mkavu ndani ya pikapu.

Jumatatu mama alishinda kwenye shamba la njugu. Nilikaa na mizigo mlangoni pa jiko nikisikiliza jembe lake mpaka mume wangu akasema tutachelewa. Mama akaja kutuaga kwa mikono miwili, akatupa na viazi vitamu. Kuhusu mafiga, kimya. Miaka iliyofuata tulicheka naye, tulimenya njugu pamoja, na kila safari nilingoja aseme. Mimi niliona aibu kuuliza. Miaka ya tisini ilipoanza, tukamzika.

Wageni wakija siku hizi, mimi ndiye ninayewapeleka kilimani. Nawaambia chakula wabebe kilichopikwa tayari, chai waweke kwenye thamosi, wasikalie ukuta, wasiguse jiwe. Aliyejaribu kukoka moto nilimfokea mpaka mume wangu akanivuta pembeni. Wananisifu kwamba napenda historia, nami nawaacha waamini hivyo.

Shemeji zangu wameniambia mara nyingi niweke tu mafiga yangu, nani atanizuia. Nyumba tumeshajenga hapo, na mahali pa jiko nimepafagia. Lakini nikienda bado napika kwenye mafiga ya mama. Mafiga yangu alitakiwa kuniwekea yeye. Ya kujichukulia nilishajichukulia mara moja.