Ng'ombe Wanane wa Nyatichi

Shangazi yangu Nyatichi hakujaliwa mtoto. Kwetu Wakuria, huku karibu na Isebania, mwanamke wa namna hiyo hakati tamaa: akiwa na ng'ombe hutoa mahari, akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wa mke huyo huitwa wa nyumba yake. Shangazi aliuza ndizi mpakani miaka kumi na tisa hadi akapata ng'ombe wanane. Mchumba alishampata, Terry binti Mosoti. Kilichobaki ni Mosoti kuja kuwakagua wanyama.

Ukame ukamtangulia Mosoti. Kufikia Februari hapakuwa na jani, isipokuwa kwenye boma lililohamwa la marehemu Nyamongo. Pale nyasi zilisimama kijani kibichi, wala hapakuruka panzi hata mmoja. Mchwa walikuwa wamemaliza milango ya nyumba, nyasi hawakuzigusa. Nilipita pale mara moja tu, nikaondoka mbio. Shangazi, mbishi kuliko punda, aliingiza ng'ombe wake.

Siku ya tisa wakaanza kutikisa vichwa, polepole, wote kwa pamoja, kama watu wanaomwitikia mtu. Wakiachwa wasimame tu, walionekana wazima. Ukiwashtua kwa kofi, miguu ilikakamaa wakaanguka macho wazi. Baadaye waliinuka na kukutazama. Naapa niliogopa.

"Nyamongo amekasirika, nimemwibia nyasi," shangazi akasema.

Basi kila asubuhi akawarudisha palepale, akamwaga pombe ya wimbi kaburini kwa Nyamongo na kuomba radhi huku wao wakila. Kadiri alivyoomba ndivyo walivyozidi kuanguka.

Nikamleta Zubair, muuza dawa za mifugo mjini. Alichuma bua, akalipasua kwa ukucha.

"Mama, hakuna mzimu hapa. Hii nyasi iko na kuvu ndani yake, huwezi kuiona. Nyasi inaipea chakula, nayo inaweka sumu ya kufukuza wadudu. Inaingia mpaka kwa mbegu, nyasi mtoto inazaliwa nayo."

"Na ng'ombe zangu je?"

"Watoe hapa. Wiki tatu watapona."

Mosoti alikuwa anakuja keshokutwa.

Alipofika, ng'ombe walisimama zizini kimya, wanono. Nilimnong'oneza shangazi anyamaze. Mosoti aliwazunguka akitabasamu, kisha akainua fimbo ili awaone wakitembea.

"Usipige, mzee," shangazi akasema. "Wamekula nyasi ya boma la Nyamongo. Wataanguka. Ngoja wiki tatu."

Mosoti alirudi kinyumenyume mpaka langoni. "Wanyama wa mfu hawaingii kwangu."

Nilimkimbilia nikamweleza habari za kuvu, neno kwa neno.

"Kitu kisichoonekana kinakaa ndani, kinarithiwa na watoto," alinijibu, "nawe unasema si mzimu?"

Akaenda zake.

Ng'ombe walipona kabisa. Lakini habari ilishafika kila boma hadi ng'ambo ya mpaka, Sirare, na hakuna baba aliyewataka.

Juzi mchana Terry alikuja mwenyewe na begi. "Nimekuja, mama. Achana na ng'ombe."

Shangazi alimpa uji, akamtazama sana. Bila mahari, mtoto ambaye angezaliwa pale angehesabiwa wa nyumba ya Mosoti, si ya shangazi. Akambebea begi hadi barabarani, akilia bila kujificha, akamsimamishia bodaboda ya kumrudisha kwa baba yake.