Tumbo la Kujifunzia

Kazi yangu kwenye zahanati yetu ya Mkolani ni mapokezi, lakini wanafunzi wa udaktari wakija kwa mafunzo, mimi ndiye ninayewapanga. Hakuna aliyeniajiri kwa hilo. Mratibu wa chuo anampigia daktari, daktari anasema, "Ongea na dada wa mapokezi," basi, limekuwa langu. "Dada, Jumatatu nakuletea vijana, waone wagonjwa wa kawaida, siyo wale wa hospitali kubwa." Natafuta mama wa kuwapangisha chumba chenye maji. Naamua nani aanze kwa daktari, nani aende kliniki ya watoto, nani akae kwenye benchi nje kama mgonjwa. Chumba chenyewe cha daktari kina meza, kitanda na dirisha. Ukiingiza watatu, mgonjwa anavua shati huku kiwiko chake kiko kwenye mbavu za mtu.

Na kuwauliza wagonjwa ni mimi pia. Chuo kinataka mgonjwa akubali kwanza. Basi nauliza pale kwenye dirisha la mapokezi: "Leo kuna wanafunzi ndani na daktari. Ni sawa?"

Wote wanasema sawa. Bibi aliyetoka Misungwi na mguu uliovimba, sawa. Kijana mwenye ugonjwa wa aibu, ambaye hata jina lake analinong'ona, sawa. Huku kwetu mtu mwenye homa hamwambii hapana mtu aliyekaa upande wa ndani wa dirisha. Ningewauliza, "Tukukate sikio, ni sawa?" wangejibu, "Sawa, dada."

Mwanangu hakuulizwa hata hiyo. Ana sikoseli, na bandama lake limevimba mpaka unaliona akivaa gauni la kubana. Baba yake yuko na maisha yake mengine, sina wa kumwachia, kwa hiyo anashinda na mimi, chini ya meza, anajenga nyumba kwa maboksi ya dawa. Kundi la kwanza lilipokuja, daktari alitoka chumbani, akamwona pale chini, akafurahi kama mtu aliyekuta alichokuwa anakitafuta.

"Njooni! Bandama la kujifunzia tunalo hapa hapa."

Akambeba. Mimi nilikuwa na foleni mpaka nje. Nilipopata nafasi ya kuinuka, alisharudishwa, gauni limekaa upande, ameshika biskuti.

Tangu hapo kila kundi linaanza naye. Wanakuja, wanabonyeza, wanaondoka. Nani anabaki? Hakuna. Mmoja tu nilimkuta baadaye, siku mtoto alipozidiwa tukapelekwa hospitali kubwa. Alikuwa daktari kamili, na alitukimbilia, sitamnyima hilo. Alimfunua tumbo, akaguna. "Eeh! Si huyu wa Mkolani?" Kisha akanigeukia. "Jina lake nani vile?"

Tumbo alilijua. Mtoto hakumjua.

Sasa juzi, Jumamosi, kabla ya kundi jipya kuja, nilienda naye Mabatini kununua nyama. Mwenye bucha alikuwa amevaa koti jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Nikawa natazama mzani. Nikasikia watu wanacheka. Nageuka, mwanangu amelala chali kwenye benchi la wateja, gauni ameliinua mpaka kifuani, magoti ameyakunja kama anavyoambiwaga, macho yako juu darini. Anasubiri.

"Mama, huyu naye anapimwa kilo?" akasema mteja mmoja.

"Mfupa mtupu huyo," mwingine akadakia.

Mwenye bucha akainua mikono yenye damu. "Jamani, mimi nachinja tu. Mwinue mtoto wako, mama, ananitisha."

Nilicheka na mimi. Ungefanya nini? Nikamshusha gauni, nikambeba, nyama nikaisahau pale pale. Njiani akaniuliza, "Mama, mbona daktari hajanishika?" Nilitaka kumpiga mtu. Sikumjua wa kumpiga.

Jumatatu nilimwahi daktari kabla hajavua kofia yake ya pikipiki.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wamefika?"

"Wamefika. Ila safari hii mtoto wangu wasimguse."

Alinitazama, hakukasirika. Ni mzee wa Bukoba, mpole, anaongea kama anasoma somo la misa. Na ndiye anayemtibu mwanangu tangu alipovimba vidole mara ya kwanza. Nikamweleza ya bucha. Hakucheka, akatikisa kichwa.

"Pole. Lakini niambie kitu kimoja. Mtoto akizidiwa, na mimi sipo, unataka akutane na daktari ambaye hajawahi kugusa bandama lililovimba?"

Nikamtazama mtoto pale chini ya meza.

"Watajifunzia kwa nani, basi? Kwa mtoto wa mwenzako?"

Hapo ndipo ninapokwama mpaka leo. Ningekuwa na jibu ningelala. Mwenzangu naye yuko kwenye foleni, amebeba wake, na nikimuuliza atasema sawa.

"Angalau wamuulize," nikasema. "Mwenyewe. Siyo mimi."

"Hilo ni jambo zuri," akasema daktari. "Tutaanza leo."

Wakaingia, makoti yananukia pasi. Mwanangu alipoyaona tu, akatoka chini ya meza, akawatangulia chumbani, akapanda kitandani mwenyewe, gauni juu. Nikaacha dirisha, nikasimama mlangoni. Binti mmoja, mwanafunzi, akachuchumaa. Akamshusha gauni taratibu, akamfunika, akamuuliza mtoto mwenyewe.

"Mama, naomba nikushike tumbo. Unakubali?"

Mwanangu akashangaa. Akanitazama. Nikamtazama nikisema moyoni, kataa, kataa mwanangu, leo umeulizwa, mlango uko wazi. Midomo yangu sikuifungua, maana ningeifungua ningekuwa nimemjibia tena.

Akamgeukia yule binti, akavuta sauti, sauti ya wagonjwa wangu kabisa, ile ya dirishani anayoisikia kutwa nzima kutoka chini ya meza.

"Sawa, daktari."

"Vizuri sana," daktari akawaambia wengine. "Mmeona jinsi ya kuomba ridhaa?"

Wakaandika.

Nje mtu alikuwa anagonga dirisha langu, "Dada! Dada wa mapokezi!" Sikuondoka. Mwanangu alishainua gauni, na yule binti alishanyoosha mkono, mwanangu akaudaka hewani.

"Sugua mikono kwanza," akamwambia. "Ni ya baridi. Wenzako huwa wanasugua."

Binti akasugua mikono.