Cartof, na Sahani ya Jirani

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, hapa Fridley ughaibuni, ni bibi wa Kiromania. Kila tulipokutana chumba cha kufulia alinifundisha neno moja la kwao, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. Siku aliyoniletea viazi vya kuoka kwenye sahani yake ya maua, alinipa neno cartof, yaani kiazi. Alisema ni neno la bibi yake, la shambani kwao, hakuna mwingine analo.

Ningesema ahsante, yakaisha. Lakini mimi sijui kupokea kitu bila kukikagua. Lugha nimejifunza mwenyewe, kwa simu na vitabu vya maktaba, na aliyejifunza mwenyewe huogopa sana kukosea. Nikalifuata lile neno. Waromania wamelitoa kwa Wajerumani, wanaosema Kartoffel. Wajerumani kwa Waitaliano, waliokifananisha kiazi na uyoga uotao chini ya udongo. Waitaliano kwenye Kilatini. Nilipomkuta tena, anakunja shuka, nikamwaga yote kama niko kwenye mtihani.

"Kwa hiyo si letu," akasema.

"Si lenu, bibi. Mmeazima."

Akachukua kapu lake. Tangu hapo ni salamu tu, na baridi ya leo. Maneno yakakoma.

Na mimi mtoto wa Mombasa, niliyekulia kwenye meza, neno la Wareno, na sahani, neno la Waarabu, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba maneno hayo si yetu.

Sahani nikabaki nayo. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, nami nilitaka irudi na viazi karai, vile vya kukaangwa na rojo la unga, visivyo na kasoro. Kila nikikaanga, rojo linashika upande mmoja. Nikavila mwenyewe, nikaanza upya.

"Sahani ya watu ungali nayo?" mama akaniuliza kwenye simu.

"Viazi havijatoka vizuri, mama."

"Nani kakuuliza viazi? Rudisha sahani, usije ukaitwa mwizi."

Jana nikashuka navyo hivyo hivyo, viazi nusu uchi, bila rojo upande mmoja. "Nimekuletea cartofi," nikamwambia, kwa wingi wa kwao. "Neno la bibi yako. Nisamehe."

Aliuma kimoja pale mlangoni, akatafuna polepole. "Chumvi haitoshi," akasema. Kisha akanipisha niingie, akagonga meza yake kwa kidole. "Masă. Sema."

Nilijua lilikotoka. Nilijua hata kwamba ni ndugu wa meza yetu.

"Masă," nikasema, nikavuta kiti.