Siku ya Mtihani Nitashika na Mikono ya Nani?

Juzi, kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa mjukuu wangu hapa Bukoto, watu walibishana mpaka chai ikapoa. Mtoto wa kike anafaulu zaidi akisoma na wasichana wenzake, au akichanganywa na wavulana? Akili yangu ilikuwa imerudi miaka ile ya utawala wa jeshi.

Nilisoma shule ya wasichana. Baba alikuwa polisi kutoka kaskazini, tukikaa kambini. Sukari ilipatikana kwa magendo tu, basi uji wa shule tuliunywa hivyo hivyo, na wadudu kwenye posho, yaani ugali, tuliwatoa kwa kidole tukaendelea kula. Lakini maabara, jamani, ilikuwa yetu! Mwalimu wetu wa fizikia, mama mmoja mkali, alizoea kusema, "Shika! Kikivunjika tutalia pamoja." Tukashika.

Halafu walimu wakaanza kuikimbia nchi, na yule mama wa fizikia naye akaondoka bila kuaga. Sista mkuu wa shule akatupeleka mimi na rafiki yangu, wawili tuliong'ang'ania fizikia, tukasomee shule ya mchanganyiko upande wa Kyambogo. Kule walikuwa na desturi yao: wavulana wanaunga waya na kupima, wasichana wanaandika majibu. Rafiki yangu alikuwa na mwandiko safi, na kwa akili alinipita mbali. Kila kundi lilimtaka. Yeye akafurahi, mimi nikachukia kabisa, maana sote tulitaka udaktari, na bila fizikia hospitali kuu ya Mulago tungeiona kwa nje tu.

Siku moja nikasimama. "Samahani, mwalimu. Siku ya mtihani nitashika na mikono ya nani?"

Darasa zima likacheka. "Binti ya polisi, wewe una kichwa ngumu," akasema mwalimu. "Haya, njoo ushike."

Nikamvuta rafiki yangu mkono. Akakataa. "Nenda tu, dada. Mimi naelewa yote."

Na kweli, alielewa yote. Lakini kwenye mtihani wa vitendo kila mtu alipewa meza yake. Nilimwona akizigeuza waya huku na huku, zimemshinda, mpaka kengele ikalia. Alianguka somo lile.

Akarudi kwao, maana naye alikuwa wa kaskazini kama sisi, akaolewa, na tangu vita vya huko sijasikia habari zake. Mimi nilitibu watu Mulago mpaka nikastaafu. Na kila ugonjwa uliponishinda, nilimwaza yeye. Yeye angeujua.