Salamu Iliyotaka Kuniulia Mke

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa akatuachia jembe na mbuzi mgonjwa. Shule ikaniishia darasa la tatu. Nimechimba mitaro ya watu, nimechoma matofali, nimebeba mchanga mpaka bega likaota sugu. Mimi si mtu wa kubebwa. Kitu kikiniudhi nasema, na safari hii ya kutoka Kivaa mpaka Machakos mjini niliifanya nimeudhika.

Sababu ni mke wangu, Mama Mutua. Msimu wa mvua uliopita moyo ulimsumbua, miguu ikafura, pumzi ikawa fupi. Nikampeleka kituo chetu cha afya. Daktari wa hapo, kijana anaitwa Kilonzo, akapita kwa benchi akisalimia.

"Habari yako, mama?"

"Mzuri sana, mwanangu. Na wewe?"

Akaenda zake kwa jamaa aliyekuwa akilia jino! Sasa mwanamke wa kwetu angejibu nini? Ukisalimiwa unasema mzuri hata kama nyumba inaungua. Shida inasemwa baadaye, mkishaketi. Kilonzo hakuketi. Mama Mutua akaanguka kwa hilo benchi, uso rangi ya majivu, ikabidi nimkimbize hospitali kubwa ya Machakos mwenyewe. Huko nilipiga kelele mpaka walinzi wakaitwa.

Kelele hiyo ndiyo iliyofanya nialikwe. Daktari mmoja mama wa huko, Mumbua, akanipigia simu. "Mzee, tunafundisha madaktari wa vituo kupokea wagonjwa wa dharura. Kilonzo atakuwepo. Njoo uketi kama mgonjwa, wajifunze na wewe."

"Nije kuketi au nije kumpiga?"

"Njoo kwanza."

Nilikubali kwa sababu moja. Kituo ni hicho kimoja, daktari ni huyo mmoja, na moyo wa mke wangu haujapona. Siku utakapomshika tena, atakuwa mikononi mwa Kilonzo.

Asubuhi niliwasha pikapu yangu. Mama Mutua alinifungia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, akaniambia, "Usitukane watoto wa watu." Sikumwahidi kitu. Masinga nilipita wachuuzi wakipanga samaki kando ya barabara, sikusimama.

Tala nilisimama kununua kofia, maana yangu ilikuwa ya shamba. Muuza mitumba akanichekelea. "Mzee, hii ni ya kwenda kuoa?"

"Ni ya kwenda kufa mbele ya madaktari," nikamwambia. Alipunguza bei haraka.

Machakos, Mumbua alinivuta kando. Ni mama mfupi, sauti ya kuamrisha. "Kifua kinakuuma, pumzi hakuna. Lakini ukisalimiwa, jibu vile mnajibu nyumbani."

Nikaketi na wagonjwa wengine wa kuigiza. Mmoja alikuwa amepakwa rangi nyekundu mkononi, anapiga mayowe kama mbuzi wa Krismasi. Kilonzo akaingia. Kofia ilinificha.

"Habari ya asubuhi, mzee?"

"Mzuri, kijana wangu."

Akaruka kwa mwenye mayowe. Mumbua akapiga makofi. "Simama hapo. Kilonzo, mzee amekufa."

"Lakini daktari, amesema ni mzuri!"

Nikavua kofia. "Hata mke wangu alikuambia mzuri! Wewe ni Mkamba ama uliokotwa? Mama yako akisalimiwa hujibu aje?"

Akageuka kumtazama Mumbua.

"Nakuuliza!"

"Mzuri," akasema, macho chini.

"Hata akiwa mgonjwa?"

"Hata akiwa mgonjwa."

Mumbua hakuninyamazisha. Aliwaambia salamu ni heshima, si kipimo. Ukisalimia, mkono uliopewa usiuachilie. Ni baridi? Umelowa jasho? Tazama kifua kinavyopanda na kushuka. Muulize alikula nini asubuhi. Mtu akishindwa kumaliza maneno kwa kukosa pumzi, huyo hangoji foleni. Wakarudia na kurudia, mimi nikifa na kufufuka mpaka alasiri.

Hasira haikuisha. Kwa nini kijana apewe kituo kwanza, haya afundishwe baadaye? Mimi ng'ombe wangu simpi mtu ambaye hajui kukamua!

Wakati wa kurudi, Kilonzo alinisindikiza mpaka kwa pikapu. "Mzee, nisamehe."

"Sikusamehe. Nitaona."

Nyumbani, mahindi yakiwa bado mabichi, pumzi ya Mama Mutua ikakatika tena. Kituo kile kile, benchi lile lile. Kilonzo akaja, akampa mkono.

"Habari yako, mama?"

"Mzuri sana, mwanangu."

Mkono hakuuachilia. "Leo umekula nini, mama?"

"Chai... na..."

Hakungoja amalize. "Oksijeni! Huyu aingie ndani sasa hivi! Na ambulensi iitwe!" Watu wa foleni wakaanza kuguna. Niliwageukia, wakaacha.

Nilichojifunza ni kwamba adabu yetu inaweza kutuua ikipokelewa na mtu mwenye haraka. Hata hivyo sitaki tuiache. Anayepaswa kufunzwa ni yule anayetusalimia.

Leo niko na ekari saba, ng'ombe watatu, mbuzi wa kutosha, tangi la maji nililojenga mwenyewe, pikapu, na kofia ya Tala. Na mke mmoja. Sasa hivi nimemuuliza yuko aje. Amesema mzuri. Nimemshika mkono kwanza.